Mwongozo Kamili wa Kusimamia Kompyuta na Seva za Nyumbani Kupitia Kivinjari kwa Programu ya Cockpit

Mwenye kompyuta moja hahitaji mwongozo huu. Haja huanza pale nyumba inapokuwa na mashine ya kuhifadhia mafaili, nyingine ya kurusha filamu na muziki, ya tatu iliyogeuzwa uwanja wa majaribio, na ya mezani ya kazi za kila siku, kila moja ikiwa na masasisho yake, diski zinazojaa kwa wakati wake, na huduma zinazosimama usiku pasipo mtu kujua. Kuingia kwa SSH (njia iliyosimbwa ya kuandika amri kwa mbali) kwenye kila mashine na kuandika amri zilezile mara nne kunawezekana, lakini kazi inayochosha huahirishwa, na sasisho lililoahirishwa ndilo pengo analolitafuta mvamizi.

Cockpit ni programu huria ya kusimamia mashine za Linux kupitia kivinjari, inayofadhiliwa na kampuni ya Red Hat, na imekuwa sehemu ya Fedora Server tangu toleo la 21 lililotoka Desemba 2014. Leo inapatikana katika hazina za Debian, Ubuntu, openSUSE, Arch na jamaa zake. Webmin ni kongwe zaidi, kwa kuwa ilianza mwaka 1997, na bado ina wapenzi wengi; hata hivyo naipendelea Cockpit kwa sababu haina watumiaji wake wala hifadhidata yake ya mipangilio. Inatumia akaunti zilezile za mfumo, inazungumza moja kwa moja na systemd (inayoendesha huduma za Linux) na NetworkManager (inayosimamia mtandao), na ukisimamisha huduma kwa amri kwenye terminali, ukurasa ulio wazi kwenye kivinjari huonyesha badiliko hilo papo hapo. Ukiiondoa kesho, seva itaendelea kufanya kazi kama ilivyokuwa.

Mpango unaofuatwa hapa ni wa lango moja. Mashine moja tu, tutakayoiita lango, ndiyo itakayofungua ukurasa wa wavuti. Nyingine zote zitafikiwa kutoka hapo kwa SSH, na hakuna hata moja ambayo ukurasa wake utaonekana kwenye intaneti. Wengi husakinisha Cockpit kamili kwenye kila mashine, kisha wakajikuta na kurasa tano za kuingilia, vyeti vitano vinavyolalamikiwa na kivinjari, na poti tano za kulinda.

## Maandalizi kabla ya kusakinisha

Andika orodha ya mashine zako zote: jina, anwani ya IP, anwani ya MAC (kitambulisho cha kadi ya mtandao), mfumo endeshi na kazi ya kila moja. Anwani ya MAC utaiona kwa amri `ip link`. Orodha hii huonekana kama urasimu usio na faida mpaka siku ruta inapobadilishwa na kila kitu kikahama.

Hatua inayofuata ni kuhakikisha anwani hazibadiliki. Njia nzuri kuliko zote ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuifungia kila MAC anwani yake ya IP katika sehemu ya DHCP, yaani inayogawa anwani za IP, badala ya kuandika anwani kwa mkono ndani ya kila mashine. Kwa njia hiyo, ukibadili mpangilio wa mtandao siku moja, utafanya kazi hiyo mahali pamoja. Katika mifano ya mwongozo huu mtandao ni 192.168.1.0/24, lango ni 192.168.1.10, na mashine ya kuhifadhia mafaili ni 192.168.1.11.

Zipe mashine majina yanayotaja kazi zake, kwa mfano `lango`, `hifadhi`, `muziki` na `jaribio`:

```
sudo hostnamectl set-hostname hifadhi
```

Kuhusu kikoa cha ndani, usibuni jina lako mwenyewe. Mwaka 2018 waraka wa viwango RFC 8375 ulitenga `home.arpa` kwa ajili ya mitandao ya nyumbani, kwa hiyo `hifadhi.home.arpa` halitagongana kamwe na jina la mtu mwingine kwenye intaneti. Mwisho wa `.local` nao umetengwa, lakini kwa ajili ya mfumo wa mDNS pekee, ambamo mashine hutafutana kwa majina bila seva ya majina, na kuutumia kwenye DNS ya kawaida huleta hitilafu za ajabu zisizo na mpangilio. Ikiwa ruta yako haiwezi kutafsiri majina ya ndani, ongeza mistari hii katika faili la `/etc/hosts` kwenye lango na kwenye kompyuta utakayotumia kuvinjari:

```
192.168.1.10  lango.home.arpa   lango
192.168.1.11  hifadhi.home.arpa hifadhi
```

Mwisho wa maandalizi ni akaunti. Tengeneza mtumiaji mmoja wa usimamizi kwenye kila mashine, mwenye jina lilelile lakini nenosiri tofauti, na umweke katika kundi linaloruhusiwa kutumia `sudo`, yaani kuendesha amri kwa mamlaka kamili. Kundi hilo huitwa `sudo` kwenye Debian na Ubuntu, na `wheel` kwenye Fedora.

```
sudo adduser msimamizi
sudo usermod -aG sudo msimamizi
```

Kwenye Fedora, amri ya kwanza haikuulizi nenosiri, hivyo iongezee `sudo passwd msimamizi`, kisha tumia `wheel` katika amri ya pili.

Lango lenyewe liwe mashine inayowaka saa zote, inayotumia umeme kidogo na isiyo na kazi nyingine nzito. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inatosha kabisa. Ningeepuka kuifanya mashine ya kuhifadhia mafaili kuwa lango, kwa sababu ndiyo ambayo kuvamiwa kwake kungeumiza kuliko zote.

## Kusakinisha Cockpit kwenye lango

Kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo apt update
sudo apt install cockpit
sudo systemctl enable --now cockpit.socket
```

Watumiaji wa Debian imara (stable) wanashauriwa kuchukua toleo la hazina ya backports, yenye matoleo mapya zaidi, kwa kuwa Cockpit hubadilika haraka na toleo la hazina kuu hubaki nyuma. Ukishaiwezesha hazina hiyo, amri ni `sudo apt install -t jina-backports cockpit`, ambapo `jina` ni jina la toleo lako la Debian. Kwenye Fedora, badala ya amri mbili za `apt` tumia `sudo dnf install cockpit`. Fedora Server huja nayo tayari.

Zingatia kwamba kinachowezeshwa ni `cockpit.socket` wala si huduma yenyewe. Maana yake ni kwamba systemd ndiyo inayosikiliza poti 9090, na Cockpit huamshwa pale tu mtu anapofungua ukurasa, kisha hujizima baada ya wote kuondoka. Kwenye mashine ndogo yenye RAM haba hilo ni jambo la maana, na ndiyo sababu usishangae kukuta `cockpit.service` imelala unapoikagua.

Fungua poti kwenye faiawoli, lakini kwa mtandao wa ndani tu. Kwa ufw, zana ya faiawoli ya Ubuntu, anza na SSH ili usijifungie nje:

```
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 9090 proto tcp
sudo ufw enable
```

Kwa firewalld ya Fedora, ambayo kwa amri hizi haichuji anwani ya anayeingia:

```
sudo firewall-cmd --permanent --add-service=cockpit
sudo firewall-cmd --reload
```

Sasa fungua `https://lango.home.arpa:9090` na uingie kwa akaunti ya `msimamizi`. Kivinjari kitaonya kwamba cheti hakiaminiki. Kwa sasa endelea, tutalishughulikia hilo hivi punde. Ukishaingia, utaona juu ya ukurasa kitufe kinachoeleza iwapo una mamlaka pungufu au mamlaka kamili ya usimamizi. Kwa kawaida baki na mamlaka pungufu unapotazama hali ya mashine, na upandishe mamlaka kwa nenosiri lako unapotaka kubadili kitu. Kuingia kama `root`, akaunti kuu ya mfumo, moja kwa moja kumezuiwa katika matoleo mapya kupitia faili la `/etc/cockpit/disallowed-users`. Liache hivyo hivyo.

Kisha tengeneza faili la `/etc/cockpit/cockpit.conf` lenye maneno haya, ili kikao kilichoachwa wazi kijifunge baada ya dakika 15:

```
[Session]
IdleTimeout=15
```

## Cheti kinachoaminika

Onyo la cheti si urembo. Ukizoea kulipuuza kila siku, hutalitambua onyo la kweli siku mtu atakapojiweka katikati ya mawasiliano yako. Kwa kuwa jina la `home.arpa` haliwezi kupewa cheti na mamlaka za umma, suluhisho rahisi ni kuwa na mamlaka yako ndogo ya vyeti kwa kutumia programu ya mkcert. Isakinishe kwenye kompyuta yako ya kazi, si kwenye lango, kisha:

```
mkcert -install
mkcert -cert-file 50-nyumbani.crt -key-file 50-nyumbani.key lango.home.arpa 192.168.1.10
```

Hamisha mafaili hayo mawili kwenye folda ya `/etc/cockpit/ws-certs.d/` ya lango. Cockpit husoma cheti cha mwisho kwa mpangilio wa alfabeti, na ufunguo lazima uwe na jina lilelile la cheti ukiishia kwa `.key`. Cheti kilichojitengeneza chenyewe wakati wa usakinishaji huitwa `0-self-signed.cert`, kwa hiyo cheti chenye jina linaloanza na 50 kitatumika badala yake bila kukifuta. Anzisha upya kwa `sudo systemctl restart cockpit`, na onyo litatoweka kwenye kompyuta iliyoendeshewa `mkcert -install`. Simu au kompyuta nyingine zitahitaji kupewa cheti kikuu cha `rootCA.pem`. Faili la `rootCA-key.pem`, kwa upande mwingine, lisitoke kamwe kwenye kompyuta lilipozaliwa, kwani mwenye nalo anaweza kughushi tovuti yoyote mbele ya vivinjari vyako.

## Kuziunganisha mashine nyingine

Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Mashine zinazofuata hazihitaji kifurushi kizima cha Cockpit. Zinahitaji SSH, daraja la Cockpit (`cockpit-bridge`, sehemu inayotekeleza kazi ndani ya mashine), na kurasa unazotaka kuziona:

```
sudo apt install --no-install-recommends cockpit-bridge cockpit-system cockpit-storaged cockpit-networkmanager cockpit-packagekit
```

Hakuna poti 9090 inayofunguliwa kwenye mashine hizo. Lango likiombwa, linaingia kwa SSH kama mtumiaji wa kawaida, linaanzisha daraja, na kurasa zinapakuliwa kutoka kwenye mashine lengwa yenyewe. Jambo hili la mwisho huwachanganya wengi: ukurasa wa diski usipoonekana unapotazama `hifadhi`, tatizo si lango kukosa kifurushi, bali ni `hifadhi` kukosa `cockpit-storaged`.

Kwenye ukurasa wa kuingilia wa lango, fungua sehemu ya "Other options", na katika nafasi ya "Connect to" andika `hifadhi.home.arpa`, kisha jina la mtumiaji na nenosiri la mashine hiyo. Mara ya kwanza utaonyeshwa alama ya ufunguo wa mashine na kuulizwa kama unaikubali. Usibonyeze ndiyo kwa mazoea. Kaa mbele ya `hifadhi` yenyewe, au ingia kwa njia unayoiamini, na ulinganishe na matokeo ya amri hii:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Lango linaweza kukuonyesha ufunguo wa aina nyingine badala ya ed25519. Soma jina la aina hiyo kwenye ujumbe na ubadilishe jina la faili ipasavyo. Ukisharidhika, hifadhi kiungo cha mashine hiyo kwenye alamisho za kivinjari. Anwani huwa na alama ya usawa kabla ya jina, yaani `https://lango.home.arpa:9090/=hifadhi.home.arpa`, na kuifungua kutakupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa kuingilia wa mashine hiyo. Alamisho moja kwa kila mashine ndiyo dashibodi yako. Sijaona sababu ya kuweka programu nyingine ya kupamba orodha ya viungo vinne.

Miongozo mingi ya zamani huelekeza kutumia kiteuzi cha mashine kilichokuwa pembeni mwa ukurasa, ambacho kilikuwezesha kuongeza mashine zote na kurukaruka kati yake ndani ya kikao kimoja. Katika mifumo mipya kadhaa kiteuzi hicho kimezimwa kwa chaguo-msingi, na sababu yake inafaa kueleweka. Kwa kuwa kurasa hutoka kwenye kila mashine lengwa, msimbo wa JavaScript wa mashine zote huendeshwa katika kikao kimoja cha kivinjari, chini ya anwani moja. Mashine moja iliyovamiwa inaweza basi kutuma ukurasa wenye hila na kuzishambulia nyingine kwa mamlaka uliyonayo. Kiteuzi kinaweza kurudishwa kwa mistari hii kwenye `cockpit.conf` ya lango:

```
[WebService]
AllowMultiHost=yes
```

Kama mashine zote ni zako na hazipokei wageni kutoka nje, hatari hiyo ni ndogo na urahisi wake ni mkubwa. Uamuzi ni wako. Mashine ya majaribio ambayo unapakulia programu kutoka kila upande, hata hivyo, isiwe kwenye orodha hiyo. Hata kwa njia ya "Connect to", toka kwenye vikao vingine kabla ya kuingia kwenye mashine usiyoiamini sawasawa, kwa kuwa bado anwani ni ile ile ya lango.

## Mgongano wa funguo na manenosiri

Ushauri wa kawaida wa usalama ni kuzima manenosiri kwenye SSH na kutumia funguo pekee. Ukifanya hivyo kikamilifu, kuingia kupitia "Connect to" kutashindikana, kwa sababu ukurasa wa kuingilia unapeleka nenosiri na hauna ufunguo wako wa siri. Hutaambiwa sababu kwa uwazi. Utaona tu kwamba kuingia kumekataliwa, na utalilaumu nenosiri lisilo na hatia.

Njia ya kupatanisha mambo haya ni kuruhusu nenosiri kutoka kwenye anwani ya lango tu. Kwenye kila mashine lengwa, tengeneza faili la `/etc/ssh/sshd_config.d/10-lango.conf`:

```
PasswordAuthentication no
PermitRootLogin no
Match Address 192.168.1.10
    PasswordAuthentication yes
```

Namba 10 mwanzoni mwa jina ina kazi yake. SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na usakinishaji mwingi wa Ubuntu Server huacha faili la `50-cloud-init.conf` linaloruhusu manenosiri. Faili lako likija baada yake, mstari wako wa kwanza utapuuzwa kimyakimya. Kabla ya kuanzisha upya, hakikisha ufunguo wako wa umma umeshafika kwa `ssh-copy-id msimamizi@hifadhi.home.arpa`, kagua makosa kwa `sudo sshd -t`, na acha kikao kimoja cha SSH kikiwa wazi. Kisha `sudo systemctl restart ssh` kwenye Debian na Ubuntu, au `sshd` kwenye Fedora. Fungua kikao cha pili kujaribu, na funga cha kwanza ukisharidhika.

Kuna njia ya pili kwa wanaotumia Linux kwenye kompyuta yao ya kazi. Programu ya Cockpit Client, inayopatikana Flathub kwa jina la `org.cockpit_project.CockpitClient`, huonyesha kurasa zilezile katika dirisha lake na kuunganisha kwa SSH kwa kutumia funguo zako mwenyewe. Haihitaji lango, haihitaji poti 9090 popote, na inaweza hata kuhudumia mashine ambazo hazina Cockpit kabisa. Kama unasimamia kutoka kompyuta moja tu, hii ni bora kuliko lango. Lango linashinda pale unapotaka kutumia simu, tableti, au kompyuta yoyote iliyo karibu.

## Kazi za kila wiki

Masasisho ndiyo kazi ya kwanza. Ukurasa wake huorodhesha vifurushi vinavyosubiri na kutenga vile vya usalama, na baada ya kusakinisha hukuambia ni huduma zipi zinahitaji kuanzishwa upya. Kwenye Fedora unaweza kuwasha masasisho ya kujiendesha humo humo. Kwenye Debian na Ubuntu sehemu hiyo haipo, hivyo tumia terminali iliyo ndani ya Cockpit:

```
sudo apt install unattended-upgrades
sudo dpkg-reconfigure -plow unattended-upgrades
```

Kwenye Ubuntu Server kuna kero mashuhuri: ukurasa wa masasisho hudai kwamba mashine haiko mtandaoni, ilhali unaitazama kupitia mtandao huo huo. Chanzo ni kwamba PackageKit, programu inayoshughulikia masasisho, huuliza NetworkManager kama kuna mtandao, wakati Ubuntu Server huuendesha mtandao wake kwa systemd-networkd. NetworkManager ambayo haisimamii chochote hujibu kwamba hakuna mtandao. Tiba kamili ni kubadili `renderer` katika faili la netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) kuwa `NetworkManager`, kazi ambayo ni salama zaidi ukiifanya ukiwa na kibodi na skrini ya mashine hiyo mbele yako. Asiyetaka kugusa netplan atumie `apt` kwenye terminali na kuusahau ukurasa huo.

Ukurasa wa huduma na ule wa kumbukumbu za matukio hutumika pamoja. Huduma iliyoanguka huonekana kwa rangi nyekundu kwenye ukurasa wa mwanzo. Ukiifungua utaona mistari yake ya mwisho kwenye journald, kitunza kumbukumbu cha systemd, na mara nyingi jibu limo katika mistari hiyo hiyo. Humo pia unaweza kutengeneza kipima muda cha systemd, kwa mfano cha kuendesha nakala za akiba kila usiku, bila kuandika faili lolote kwa mkono.

Grafu za matumizi ya kichakataji, RAM, diski na mtandao huonyesha hali ya sasa tu, hadi utakaposakinisha PCP, programu inayotunza takwimu za muda uliopita, ambayo ukurasa wenyewe utakupendekezea. Isakinishe kwenye mashine zinazokupa wasiwasi. Kujua kwamba `muziki` hulemewa kila saa 9 usiku kunakuelekeza kwenye kazi iliyopangwa saa hiyo, jambo ambalo grafu ya sasa hivi haiwezi kulifanya.

Upande wa diski unahitaji mkono mtulivu, kwa sababu vitufe vya kufuta na kugawa diski viko karibu na vile vya kutazama. Fananisha namba ya utambulisho ya diski na ile iliyoandikwa kwenye kibandiko chake kabla ya kuigusa. Unapoweka diski ya nje ijipachike wakati wa kuwasha, chagua mpangilio unaoruhusu mashine kuendelea hata diski ikikosekana. Kwenye `/etc/fstab` hilo huonekana kama `nofail`. Bila neno hilo, diski ya USB iliyochomolewa inaweza kuizuia seva isiyo na skrini isiwake kikamilifu, nawe usijue kwa nini.

Kubadili mipangilio ya mtandao kwa mbali ni jambo ambalo Cockpit hulifanya vizuri kuliko mkono. Ukiweka anwani yenye kosa ikakata mawasiliano, programu hugundua kwamba imepotezana na kivinjari na kurudisha mpangilio wa awali. Ulinzi huu unahusu yale yanayobadilishwa kupitia ukurasa wa mtandao pekee. Amri ya `nmcli` iliyoandikwa kwenye terminali haina msamaha huo.

Kontena (programu zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa) za Podman husimamiwa kwa kuongeza `cockpit-podman`, na mashine pepe kwa `cockpit-machines`. Kwa Docker hakuna ukurasa rasmi.

## Kompyuta zinazolala na zile za Windows

Kompyuta ya mezani haina haja ya kuwaka siku nzima ili isimamiwe. Washa Wake-on-LAN, yaani kuamshwa kupitia mtandao, kwenye BIOS yake, kisha kwenye mfumo:

```
nmcli connection modify "Jina la muunganisho" 802-3-ethernet.wake-on-lan magic
```

Kwenye lango sakinisha kifurushi cha `wakeonlan`, na uamshe kompyuta hiyo kutoka terminali ya Cockpit kwa `wakeonlan` ikifuatwa na anwani yake ya MAC. Ujumbe unaotumwa ni baiti 102: sita za mwanzo zenye thamani FF, kisha anwani ya MAC ikirudiwa mara 16. Hutumwa ndani ya mtandao mmoja, na kwa uhakika kupitia kebo. Kwa waifai usiutegemee.

Cockpit haisimamii Windows. Kwa kompyuta hizo MeshCentral inafaa: ni programu huria ya Node.js inayokupa skrini, mafaili na terminali ya kompyuta ndani ya kivinjari, kupitia wakala mdogo anayesakinishwa kwenye kila moja. Akaunti ya kwanza kutengenezwa ndiyo inayokuwa msimamizi mkuu, kwa hiyo itengeneze wewe mwenyewe dakika ile ile inapowaka, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kwa kuwa inatoa mamlaka makubwa kuliko ukurasa wa kawaida, nayo ibaki ndani ya mtandao wako.

## Kufika nyumbani ukiwa mbali

Usielekeze poti 9090 kutoka kwenye ruta hadi kwenye lango. Ukurasa unaopokea nenosiri la mtu mwenye `sudo` hauna sababu ya kuonekana na ulimwengu wote. Weka kwenye lango WireGuard, programu ya VPN inayokuunganisha na mtandao wa nyumbani kwa njia iliyosimbwa, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, na uelekeze poti moja tu ya UDP, kwa desturi 51820. WireGuard haijibu chochote kwa asiye na ufunguo sahihi, hivyo anayepapasa poti zako haoni dalili ya kitu. Ukishaunganika, fungua anwani ileile ya lango kama ukiwa nyumbani, baada ya kuongeza poti hiyo ya UDP na mtandao wa WireGuard kwenye kanuni za faiawoli ulizoandika mwanzoni.

Kabla ya kuhangaika, tazama anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma wako amekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja, na hakuna uelekezaji wa poti utakaofanikiwa. Hapo chaguo ni huduma kama Tailscale, inayojenga juu ya WireGuard na kuanzisha muunganisho kutoka ndani kwenda nje, au kumwomba mtoa huduma anwani ya IPv4 ya umma.

## Lango linapokufa

Kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi itaharibika siku moja. Nakili mafaili haya nje ya lango: folda ya `/etc/cockpit/`, `/etc/wireguard/`, `/etc/hosts`, na kanuni za faiawoli. Nakala hizo zina funguo za siri, kwa hiyo zisimbe kabla ya kuziweka popote.

Jaribu pia hali ya dharura kabla haijatokea. Zima lango, kisha ujaribu kuingia `hifadhi` kwa SSH kutoka kompyuta yako ya kazi kwa ufunguo. Ikikubali, kuharibika kwa lango kutakuwa usumbufu tu, kwa kuwa mashine nyingine haziitegemei Cockpit ya lango kufanya kazi zake. Ikikataa, ufunguo haukufika kwenye mashine hiyo. Washa lango, ingia kupitia kivinjari, fungua ukurasa wa akaunti wa mashine hiyo, na uubandike ufunguo wako wa umma katika sehemu ya funguo zilizoidhinishwa. Kisha zima lango tena na ujaribu mashine inayofuata kwenye orodha.